KUPIGA PICHA SAFI USIKU KWA KAMERA NDOGO YA DIJITALI

Na Mtunza Kamera wa Chama, Kidato cha 3

 

Lililonifanya nishike kalamu ni aibu. Wale mliohudhuria Usiku wa Kiswahili mwaka jana mnakumbuka vyema kwamba jarida lililofuata lilitoka bila picha hata moja ya usiku ule. Mlinung'unika, na mlikuwa na haki. Aliyekabidhiwa kamera siku hiyo ni mimi. Nilipiga picha 61. Kati ya hizo, 60 hazikufaa hata kuonyeshwa mtu. Nyingine zilikuwa nyeusi tititi, nyingine zilitikisika hadi mtu mmoja akawa na pua tatu, na nyingine zilionyesha visogo vya wanafunzi wa Kidato cha 1 vikiwa vyeupe kama sahani, huku jukwaa lote limemezwa na giza.

Nilidhani mambo yatasahaulika. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu, yule mzee malenga tuliyemwalika usiku ule, aliyetukaririria mashairi yake bila kutazama karatasi, alifariki dunia. Wiki mbili baada ya maziko bintiye akaja shuleni, na mwalimu mlezi akaniita ofisini. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akasema wamesikia kwamba babake alipigwa picha nyingi sana huku kwetu, na wao nyumbani hawana picha yake ila ile ndogo ya kitambulisho. "Hata moja tu, mwanangu."

Waama, ningeona shimo ningeingia.

Moja ilikuwapo, ile ya 61. Nitairudia baadaye, kwa maana ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kwanza nieleze mambo niliyoyatafuta tangu siku hiyo, kwa kusoma kijitabu cha kamera, kwa kumsumbua mpiga picha mmoja wa studio mtaani kwetu, na kwa kuharibu picha nyingi zaidi nyumbani ambako hakuna wa kunicheka ila ndugu zangu.

FINJANI NA MVUA

Kamera ya chama ni ile ya kutia mfukoni, tuliyopewa na mwalimu mmoja aliyestaafu. Najua wapo watakaosema: nani siku hizi anabeba kamera, na simu zimejaa kila mahali? Lakini sisi wanafunzi haturuhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hivyo hiyo ndiyo tuliyo nayo. Isitoshe, simu nyingi za kisasa zikifika usiku zinakufanyia kazi kwa siri. Zinapiga picha kadhaa kwa mfululizo kisha zinaziunganisha kuwa moja. Kamera yetu haina ujanja huo. Inabidi ujanja uwe wako.

Kamera yoyote ni chumba cheusi chenye tundu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alieleza jinsi mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuchora sura ya vitu ndani ya chumba cha giza. Zamani mahali pa ukuta wa chumba hicho paliwekwa filamu. Katika kamera ya dijitali pamewekwa kibao kidogo kinachopokea mwanga, kiitwacho sensa, kilichogawanywa katika vijinukta vingi. Kamera ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa mwaka 1975 na Steven Sasson, injinia kijana wa kampuni ya Kodak huko Marekani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na kuihifadhi picha moja kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Yetu ina nukta milioni 12 na inaingia kwenye mfuko wa shati.

Basi kwa nini picha zangu zilikuwa mbaya, na nukta ni milioni 12? Kwa sababu nukta si hoja. Hoja ni ukubwa wa kibao chenyewe. Katika kamera nyingi za mfukoni kibao hicho kina upana wa milimita 6 hivi na kimo kisichofika 5. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, na hizo nukta milioni 12 zote zimebanana humo.

Yule mpiga picha wa studio alinielezea hivi, nikaelewa papo hapo. Mwanga ni kama mvua. Mchana ni mvua ya masika: hata ukitoa finjani ya kahawa nje inajaa mara moja. Usiku ni rasharasha. Mwenye beseni atapata maji, lakini mwenye finjani hana budi kuiacha nje muda mrefu zaidi. Kamera kubwa za waandishi wa habari ni beseni. Yetu ni finjani.

Muda huo wa kuacha finjani nje ndio muda ambao kilango cha kamera kinabaki wazi. Mchana hufunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, hata hujui kimefunguka. Usiku huenda kikabaki wazi robo sekunde, sekunde nzima, au sekunde 8. Na kwa muda wote huo kila kinachosogea kinaacha alama yake kwenye picha. Mkono wako ukitetemeka, picha nzima inatetemeka. Hapo ndipo pua tatu zilipotoka. Mzee wa watu alikuwa na moja tu.

FLASHI HAIFIKI UNAKODHANI

Niliyoyafanya usiku ule ni yale yanayofanywa na kila mtu: nikaona giza, nikawasha flashi. Niliketi nyuma ya safu ya Kidato cha 1, ambao walikuwa mita 2 mbele yangu. Mzee alikuwa mita 8. Sasa hebu tupige hesabu. Ukiongeza umbali mara 2, mwanga unaofika ni robo. Ukiongeza mara 4, ni sehemu moja ya 16. Kwa hivyo kila kisogo cha Kidato cha 1 kilipata mwanga mara 16 ya ule aliopata mzee. Kamera ikaona weupe huo, ikaridhika, ikasema yatosha. Flashi ya kamera ndogo huangaza vyema hadi mita 3 hivi. Kupita hapo unawamulika wadudu tu.

Nililijaribu jambo hili nyumbani kwa chupa tatu za soda, nikazipanga uani kwa hatua 1, 2 na 4. Ya kwanza ilitoka nyeupe pe, ya pili nzuri, ya tatu kama kivuli.

Sisemi flashi haina kazi. Ukimpiga rafiki aliye mita 2 mbele yako, au mikono ya bibi harusi yenye hina, itumie. Lakini itumie kwa akili. Kamera nyingi zina alama ya mtu na nyota kando yake. Ukiichagua, flashi inammulika mtu, kisha kilango kinabaki wazi kidogo ili taa za nyuma nazo ziingie. Tatizo ni kwamba watu wa kwetu wakishaona flashi wanaondoka mbio kuja kutazama picha! Mwambie mapema abaki papo hapo hadi umwambie "tayari".

Jambo jingine ni yale maduara meupe yanayoelea hewani kwenye picha. Binamu yangu aliapa ni mashetani wa Gede wametufuata nyumbani. La hasha. Ni vumbi, au manyunyu, au ule umande wa chumvi utokao baharini. Katika kamera ndogo flashi imekaa karibu sana na lenzi, kwa hivyo kila chembe iliyo mbele ya lenzi inamulikwa na kuonekana kubwa kama sahani. Zima flashi, na mashetani watakwenda zao.

Na ukienda Watamu usithubutu kabisa. Kasa hupanda ufuoni usiku kutaga, na mwanga wa ghafla unaweza kumfanya arudi baharini bila kutaga. Vifaranga nao wakianguliwa huufuata mwanga ili wafike majini, na taa ya mtu huwapoteza njia.

MFUKO WA KUNDE

Basi tuseme umezima flashi. Kwenye kamera yetu ni kitufe chenye alama ya radi, unakibonyeza hadi radi ipigwe mstari. Sasa kilango kitabaki wazi muda mrefu, nawe huwezi kushika kamera bila kutetemeka. Usijidanganye eti mkono wako ni mzito. Kilango kikibaki wazi zaidi ya sehemu moja ya 30 ya sekunde, weka kamera juu ya kitu.

Stendi ya miguu mitatu ndiyo bora, ila ni ghali na hatuna. Mimi natumia soksi. Chukua soksi safi, ijaze kunde au mchele robo tatu, ifunge. Iweke juu ya meza, ukuta au tawi la mwembe, kisha ilaze kamera juu yake na uisukume kidogo hadi ikae. Inatulia tuli. Mwanzoni nilijaza mchanga, kwa kuwa mchanga wa bure umejaa pwani yote. Nilijuta! Chembe kidogo zilipenya kwenye soksi, lenzi ikawa inalia krr krr kila inapotoka. Nilitumia siku mbili kuisafisha kwa brashi laini kabla ya mwalimu kujua. (Sasa anajua.) Kwa hivyo ni kunde. Ubaya wake ni kwamba mama aliziona, akazipika.

Hata hivyo, kamera ikiwa imetulia, kidole chako kinapobonyeza kitufe kinaitikisa. Dawa yake ni taima, ile alama ya saa. Chagua sekunde 2, au 10 kama haina 2. Unabonyeza, unaondoa mkono, unashika pumzi (si lazima, ila mimi hushika), kamera inajipiga yenyewe.

Ipo pia namba iitwayo ISO. Hii ni kama kuiambia sensa ijifanye imepata mwanga mwingi kuliko iliopata. Ukiiongeza ISO mara 2, muda wa kilango unapungua nusu. Sekunde 4 kwa ISO 100 ni sawa na sekunde 1 kwa ISO 400. Watu wengi wakisikia hivyo wanaiweka 1600 na kufurahi. Kisha wakisafisha picha wanakuta imejaa chuya, vijidoa vya rangi rangi usoni mwa watu kama mtu aliyeugua tetekuwanga. Kelele hizo hutokana na udogo wa finjani yetu. Kwa jengo au mti usiosogea, weka 100, kwani hauna haraka. Kwa watu, 400, au 800 ukiwa huna la kufanya.

Nami naongeza: usivute. Ile kuvuta mtu aliye mbali aje karibu, usiku ni hasara mara mbili. Lenzi ikirefuka tundu lake linapungua, na katika kamera yetu mwanga unaoingia unabaki karibu theluthi moja. Tena kila mtetemo unakuzwa pamoja na picha. Afadhali uinuke usogee kwa miguu yako, hata kama wenzako watakuita mpenda makuu.

PICHA YA 61

Sasa niirudie ile moja. Mnakumbuka stima ilipotea mnamo saa 2 usiku, ikabaki karabai moja kwenye meza ya mzee, upande wake wa kulia. Mimi nilikuwa nimekata tamaa na nimechoka. Nikaenda mbele, nikaiweka kamera juu ya Kamusi kwenye ukingo wa meza ile, flashi imezimwa kwa kuwa betri ilikaribia kwisha. Nikabonyeza kwa mazoea tu.

Kamera huandika siri zake. Bonyeza kitufe cha maelezo na utaona namba za kila picha. Hii ilikuwa ISO 400, robo sekunde. Zipo nyingine 9 nilizozipiga kabla yake kwa namba zizo hizo huku nikiishika mkononi, zote takataka. Tofauti ni Kamusi.

Lakini si Kamusi peke yake. Robo sekunde inatosha kabisa kumharibu mtu anayesogeza kichwa. Niliitazama sana hadi nikagundua: mzee alikuwa amemaliza ubeti, na alikuwa akitusubiri sisi tuitikie kibwagizo. Kwa wakati ule alitulia kabisa, uso ameinua kidogo, anasikiliza. Mwanga wa karabai umelishika shavu lake la kulia na ukingo wa kofia.

Tangu hapo ndivyo ninavyopiga watu usiku. Sipigi wanapofanya jambo, napiga wanapongoja. Mkariri mashairi anangoja kibwagizo. Mpiga ngoma anainua mikono na kuisimamisha kitambo kabla ya kuishusha. Bibi harusi anangoja kuvishwa. Ukiusikiliza utungo na kuhesabu mizani, unajua ubeti unakwisha lini, na unaweza kubonyeza taima ya sekunde 2 kabla haujaisha. Nani alisema mizani ni za mtihani tu?

Picha ina makosa. Imepinda, na chupa ya maji imeuficha mkono wa kushoto wa mzee. Bintiye aliniuliza kama chupa inaweza kuondolewa. Nikamwambia mimi siwezi. Akasema si neno, akaomba isafishwe kubwa. Tukaitoa kwa ukubwa wa karatasi ya mtihani, ikakubali. Rangi ilikuwa ya manjano kupita kiasi, kama embe bivu, kwa ajili ya karabai. Ningalijua, ningaliingia kwenye menyu nikachagua alama ya taa ili kamera ipunguze unjano ule. Mengi ningalifanya ningalijua. Zingekuwa picha 61, na mkono wake ungeonekana.

NJE, BAHARINI NA BARABARANI

Kwa wanaotaka mandhari, dakika zenu ni chache. Vijitabu vya kamera vimeandikwa na watu wa nchi za mbali ambako magharibi huchukua muda mrefu. Sisi Malindi tuko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, jua letu linazama wima. Likishazama, ule ubuluu mzuri wa mbingu hudumu kama dakika 20, kisha giza totoro. Uwe umeshaitega kamera yako kabla ya adhana ya magharibi.

Lakini tuna bahati ambayo wengine hawana: pwani yetu inatazama mashariki. Usiku wa mwezi mpevu, jua linapozama nyuma ya mji, mwezi unachomoza mbele yako kutoka baharini, na mbingu bado ni buluu. Nilipoupiga mara ya kwanza ulitoka kama chapati nyeupe isiyo na doa. Sababu ni kwamba mwezi unaangazwa na jua lile lile la mchana, kwa hivyo hautaki muda mrefu. Ukipanda juu ya upeo, sehemu moja ya 125 ya sekunde kwa ISO 100 inatosha kabisa. Kama kamera yako haikuruhusu kuchagua muda, tafuta kitufe cha + na − ushushe hadi −2.

Mashua zilizinisumbua sana, maana zinayumba na mawimbi. Ukiacha kilango wazi sekunde 4, jeti inatoka safi na mashua zinatoka kama moshi. Mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, ndiye aliyenipa jibu bila kujua lolote la kamera. "Si usubiri zikae chini?" akaniambia. Kwetu siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana mnamo saa 4 au 5 usiku. Mashua zilizotiwa nanga karibu zinalala mchangani kama ng'ombe, na ikiwa ni mwezi mpevu, umepanda juu zaidi unaziangaza. Alinipeleka mwenyewe, nikaweka sekunde 8, na unaweza kusoma jina la mashua ubavuni. Wasichana wenzangu, msiende peke yenu saa hizo.

Huko Kilifi, daraja lililofunguliwa mwaka 1991 na kuipumzisha feri linapendeza sana kwa taa za magari. Kwa sekunde 8 kila gari linakuwa uzi mwekundu au mweupe. Msisimame juu ya daraja lenyewe kupiga, kwa maana lori likipita linatetemeka, na kunde zako zote hazitakusaidia. Teremkeni ukingoni mwa maji.

Mwisho, ukirudi kutoka baharini futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Chumvi ikikauka juu yake, kila taa ya barabarani itaota mkia.

Kamera iko kwenye kabati la chama, na soksi yake sasa imeshonwa mdomo ili mtu yeyote asizipike kunde. Anayetaka kuiazima aje aandike jina kwenye daftari, airudishe betri ikiwa imechajiwa. Usiku wa Kiswahili ujao sitaketi nyuma. Nitakuwa kwenye meza ndogo upande wa kulia wa jukwaa, na nimeshaomba karabai mbili, stima iwepo isiwepo. Naomba Kidato cha 1 wasiitikise meza.